Turbo kwenye 1HZ: anayeua injini ni nani hasa?

Ingia gereji yoyote pale Unga Limited, Arusha, useme unataka kufunga turbo (ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) kwenye Mkonga wako wa zamani, yaani Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, fundi wa kwanza atacheka, wa pili atakwambia "unaenda kuiua hiyo injini", na mimi nilikuwa kundi hilohilo miaka mingi tu. Siku hizi naona hawa wa turbo tunawaonea.

Tuanze na hewa, maana ndo kitu tunachosahau tukibishana habari za nguvu. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo, kwenye makaratasi ina hosipawa kama 130. Sasa hiyo 130 ni ya usawa wa bahari. Arusha tuko mita kama 1,400 na hewa ishapungua asilimia 13 hivi, ukifika ukingoni Ngorongoro kwenye mita 2,300 imepungua kama asilimia 20. Piga hesabu mwenyewe, unabaki na hosipawa 104, na hapo umebeba bodi iliyorefushwa, wageni, mabegi yao, friji na maboksi ya maji. Asilimia 20 kwenye silinda sita maana yake ni kama silinda moja na kidogo imegoma kupanda mlima, zilizobaki ndo zinabeba safari. Mwenye gari hiyohiyo Tanga hawezi kukuelewa ukimlalamikia.

Alafu hewa ikipungua dizeli haipungui. Kama pampu yako haina kile kifaa cha kurekebisha mwinuko, inamwaga mafuta yaleyale kana kwamba uko baharini, hewa ya kuyachoma haitoshi, ndo ule moshi mweusi tunaouacha kwenye kona za kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Watu wanasema nozo, zile zinazopuliza dizeli kwenye injini, zimekufa. Mara nyingine kweli zimekufa, mara nyingine injini ina njaa ya hewa tu.

Kurudisha hewa ya Tanga pale ukingoni unahitaji presha ndogo sana, psi tatu na nusu hivi. Turbo ya kiasi hicho, ukiacha skrubu ya mafuta ilivyo, joto la moshi unaotoka linashuka badala ya kupanda, kwa sababu kwenye dizeli kinacholeta joto kali ni mafuta kuzidi hewa. Shida inaanza mteja akienda kuijaribu barabarani anarudi analalamika "mbona sioni tofauti", fundi anachukua bisibisi anaongeza mafuta kwenye pampu, gari inatoka kama swala, kila mtu anafurahi. Gari ya jamaa yangu ilikufa hivyohivyo, pistoni imepasuka, na lawama zote akabebeshwa turbo. Ile bisibisi hakuna aliyeitaja.

Wanaokataa nao wana hoja, tena nzito. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye lita 4.2 hawakuibandika tu kwenye 1HZ, walitengeneza 1HD-T yenye hedi nyingine na kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda) ya 18.6 kwa 1, wakati 1HZ iko 22.4, tayari inabana zaidi hata kabla ya turbo. Yaani 1HZ haina nafasi kubwa ya kukosea. Na injini iliyochoka usiisogelee na turbo, pima kompresheni kwanza, angalia rejeta, peleka nozo na pampu zikapimwe, badilisha filta ya hewa. Wengi wakimaliza hayo wanakuta gari inavuta vizuri tu, hela ya turbo inabaki mfukoni.

Halafu kuna suala la dereva, na hili kwa kweli ndo linanisumbua kuliko kompresheni. Kampuni yenye gari sita na madereva wanaobadilishana, nani ataangalia geji ya joto la moshi? Ukimaliza kupanda Ngorongoro kitu cha kwanza ni kusimama pale wageni wanapopigia picha kreta, na dereva anazima injini hapohapo huku turbo ikiwa ya moto kabisa, oili inaungulia ndani. Dakika mbili za kuiacha ingurume hakuna mwenye nazo, wageni washafungua milango. Kwa gari ya namna hiyo ningesema fanya ovahoo ya kawaida uiache ilivyotoka kiwandani.

Ila mwenye gari yake anayeendesha mwenyewe asitishwe. Mimi nilianza na geji hiyo kabla ya kufunga chochote kingine. Wiki ya kwanza napanda kutoka Mto wa Mbu, gia ya tatu, mguu chini, geji ikapita nyuzi 650, na turbo yenyewe bado iko kwenye boksi nyumbani.