Chura wa Kihansi na bei ya umeme

Katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, aliishi chura mdogo wa manjano, hafiki hata sentimita tatu. Hatagi mayai; huzaa watoto waliokamilika. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa mitambo ya umeme ya megawati 180 ukiwa umeshaanza. Makazi yake yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, na kwingine duniani hakuwahi kuonekana.

Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye handaki. Manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani ya wanyama ya Bronx, na korongoni pakafungwa vinyunyizio. Waliobaki waliongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilikutwa humo. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilitangaza mwaka 2009 kwamba wametoweka porini. Kazi ya kuwarudisha ilianza 2012.

Wanaonung'unika kwamba fedha nyingi zimemwagwa kwa chura wasibezwe. Mgonjwa aliye chumba cha upasuaji anahitaji umeme, na hakuna aliyewahi kuwasha taa kwa chura. Lakini hoja yao huwasawiri vyura kama waliozuia maendeleo, ilhali mitambo ilijengwa ikakamilika na inazalisha umeme. Aliyepoteza ni chura.

Kwa wahifadhi nina swali gumu zaidi. Spishi inayotegemea mabomba, na iliyozaliwa vizazi kadhaa ndani ya vioo, imeokolewa au imeahirishiwa kifo? Kuvu haifungiwi nje kwa uzio. Hata hivyo, bila wale 499 tusingekuwa na cha kubishania, na hilo kwangu linatosha kuhalalisha safari yao. (Ajabu kidogo: chura wa Udzungwa kurudi nyumbani kwa ndege.)

Kosa naliona kwenye mpangilio: mkandarasi aliingia korongoni kabla ya mtaalamu wa viumbe kumaliza kazi yake. Ukaguzi kamili mapema ungeruhusu kubadili usanifu wa mradi. Baadaye lilibaki suala la kuziba pengo la manyunyu yaliyokatika. Na kuliziba kusitegemee wafadhili wa msimu. Bei ya umeme wa Kihansi ibebe gharama ya vinyunyizio, kama inavyobeba ukarabati wa mitambo.