Gego la miaka sita

Mwambie mzazi wa Arusha amzibie mtoto magego kabla hayajatoboka, utajibiwa: maji yetu yana floraidi ya kuzidi, meno yameshakuwa ya kahawia, mnataka kuyapaka nini tena? Si hoja ya kubeza. Huko Ngarenanyuki na Maji ya Chai watu wamekunywa maji ya Mlima Meru vizazi na vizazi. Tena jino lililoharibiwa sana na floraidi huweza kuishika dawa ya kuzibia kwa shida.

Ila floraidi, hata inapokinga meno yasioze, hulinda zaidi pande laini za jino. Juu ya gego kuna mifereji myembamba kuliko unywele wa mswaki, na humo ndimo andazi na soda hujificha. Silanti ni utando unaofunika mifereji hiyo. Haina sindano wala kuchonga. Kwa takwimu za CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, huzuia asilimia 80 ya mashimo ya magego kwa miaka 2, na asilimia 50 hadi miaka 4. Hata hiyo 50 naichukua, maana miaka hiyo ndiyo ya hatari.

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hakuna pengo, hakuna damu, hakuna jino la kurusha juu ya bati. Nani atajua limekuja? Likianza kuoza, nyumbani wanasema, "Liache, la utoto hilo, litatoka tu." Linatoka kweli, kwa koleo, na halioti jingine.

Gharama ipo, sikatai, na utando ukibanduka lazima urudishwe. Madaktari wa meno nao hawatoshi. Lakini ART, njia ya kutibu na kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Dawa yake, glasi ayonoma, hukandamizwa kwa kidole na huvumilia mate kiasi. Darasa la shule linatosha. Kuanzisha jambo halafu kuliacha liwanufaishe wengine, hilo tumelizoea.

Aliyechelewa bado ana nafasi: gego la pili huota kwenye miaka 12, nalo lina mifereji yake.