Estrojeni na testosteroni: mfupa unafaidi, damu je?

Mjadala wa kurudishia estrojeni, homoni ya kike, wanawake waliokoma hedhi unanichosha, huku wanasema wapewe mifupa isimomonyoke, kule wanasema ni sumu inagandisha damu, na kila upande umeshika nusu ya ukweli halafu unapiga kelele.

Mfupa sio jiwe jamani, kila siku kuna seli zinaubomoa na nyingine zinaujenga, estrojeni ndio inazibana zile za kubomoa, sasa ikishuka wabomoaji wanawazidi wajenzi na ile miaka michache ya kwanza mfupa unapungua kwa kasi. Wanaume nao wamo. Mwaka 1994 madaktari Marekani waliripoti jamaa wa miaka 28, urefu sentimita 204 na bado anarefuka, testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, iko sawa kabisa lakini mifupa imechakaa, kumbe mwili wake hauna kipokezi cha estrojeni kinachofanya kazi, ile sehemu ya seli inayoipokea homoni! Yaani hata mwanaume mfupa wake unaitegemea estrojeni, ambayo mwili unaitengeneza kutokana na testosteroni hiyohiyo. Ila msikimbilie dawa za testosteroni, utafiti uliotoka 2024 wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye testosteroni ya chini, waliopewa dawa ndio waliovunjika zaidi. Na testosteroni inaongeza chembe nyekundu, himatokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54 dawa inasimamishwa maana damu imeshakuwa nzito.

Wanaoikataa estrojeni wanategemea sana utafiti wa Marekani uliosimamishwa 2002, wa vidonge vya estrojeni na projestini (dawa inayofanana na homoni nyingine ya kike, projesteroni), ambapo kuvunjika nyonga kulipungua kama theluthi lakini damu kuganda, kiharusi na saratani ya matiti vikaongezeka. Hayo ni kweli na siyapuuzi, damu iliyoganda ikifika kwenye mapafu inaua. Lakini wale kina mama wastani wa umri ulikuwa miaka 63, wengi hedhi iliisha zamani, na walimeza vidonge. Kidonge kinapita kwanza kwenye ini, na ini ndiko zinakotengenezwa protini za kugandisha damu, hapo hapo kinashusha lehemu (kolesteroli) mbaya lakini kinapandisha trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu. Kibandiko cha kwenye ngozi hakipiti kwanza kwenye ini, ndio maana hatari ya kuganda inaonekana ndogo zaidi.

Kwa hiyo mama wa miaka 51, hedhi imekoma juzi, hajawahi kuganda damu wala kuugua saratani ya matiti, mimi naona kumnyima kibandiko kwa hofu ya 2002 ni kumwonea. Wa miaka 70 anayetaka kuanza leo kwa ajili ya mifupa tu, hapo nakubaliana na wanaokataa, kuna dawa nyingine za mifupa zisizogusa homoni.