Hukumu ya mgeni wa angani, na kobalti ya Katanga

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu: salamu kwa kiumbe yeyote atakayekiokota huko mbali. Mna salamu za lugha 55, muziki, sauti za dunia na picha zaidi ya mia moja. Kongo yetu imo, kwa wimbo wa unyago wa wasichana wa msitu wa Ituri. Kwenye picha yupo mwanamke ndani ya supamaketi, anakula zabibu. Vita na umaskini havimo. Kamati iliyochagua, chini ya mwanaastronomia Carl Sagan, iliamua kwa makusudi kuviacha nje.

Nawataja wasafiri hao kwa sababu ya hoja inayorudiwa sana hapa Lubumbashi, kanisani, katika mabishano ya wanafunzi na katika video zinazopita simu hadi simu. Inasema hivi: viumbe wenye akili wa sayari nyingine wakitutazama, wataona jamii ya walafi, inayonunua isivyohitaji, kila mtu na tumbo lake, na mwisho wake ni kujimaliza. Mimi hoja hiyo siidharau. Ila naona inamhukumu mtu asiyekuwepo.

Uzito wake kwanza. Tarehe 14 Februari 1990, Voyager 1 ikiwa umbali wa kilomita bilioni 6 hivi, iligeuziwa kamera nyuma na kuipiga picha dunia. Tulitokea kama nukta ndogo ndani ya mwali wa mwanga. Ukiitazama picha ile huhitaji kuelezwa kwamba ghala ni hilo moja tu, na tunachokitupa tunabaki nacho humo humo. Na tunatupa kweli. Mwaka 2022 takataka za vifaa vya umeme na elektroniki zilifikia tani milioni 62 duniani, na chini ya robo yake ndiyo inayojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tunapasua milima, tunavusha madini bahari, tunaunda simu yenye maarifa ya vizazi vizima ndani yake, halafu inafungiwa kwenye droo ikiwa bado nzima kwa kuwa imetoka nyingine. Mgeni akishindwa kutuelewa hapo, hana kosa.

Wapo hata wataalamu wanaohofia kwamba hiyo ndiyo sababu ya ukimya wa mbinguni, yaani kwamba hatujasikia yeyote kutoka huko. Mwanaastronomia Frank Drake, alipoandika mwaka 1961 kanuni yake ya kukadiria idadi ya jamii tunazoweza kuwasiliana nazo, aliweka mwishoni muda ambao jamii kama hiyo hudumu. Labda hazidumu. Labda zinajila.

Lakini si kila mtazamo wa angani unatulaumu kwa kula. Mwanaastronomia Mrusi Nikolai Kardashev, mwaka 1964, alipendekeza kuzipima jamii kwa nishati zinayotumia: ya kwanza inatumia nguvu ya kiwango cha sayari yake, ya pili ya nyota yake, ya tatu ya galaksi nzima. Kwa kipimo hicho, kinavyohesabiwa leo, sisi hatujafika hata daraja la kwanza. Mgeni wa Kardashev angetukuta ni wachanga, wala asingetuita walafi.

Sasa chukueni vipimo hivyo viwili mwende navyo Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, kwa mama anayepika bukari (ugali) kwa makala (mkaa) kwa sababu umeme haujaonekana tangu juzi. Kwa kipimo cha kwanza yumo katika kundi la walafi, maana ni binadamu. Kwa cha pili yuko nyuma. Hakuna kinachomwona yeye. Katika nchi hii ni kama mtu mmoja kati ya watano tu mwenye umeme, na nchi hii hii ndiyo inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, karibu yote kutoka Haut-Katanga na Lualaba, sehemu za Katanga ya zamani. Kobalti hiyo hiyo inaingia kwenye betri za simu na magari ya watu ambao umeme wao haukatiki.

Ndiyo maana neno «binadamu» likitamkwa kutoka mbali hivyo linanitia mashaka. Nendeni kwa mafundi wa simu wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Fundi anabandua kioo kwa ukucha na hewa ya moto, anatoa betri iliyovimba kama andazi, anatia nyingine iliyotoka kwenye simu iliyokufa, na kifaa kilichokwisha kuwa takataka kwingine kinarudi kazini kwa miaka. Hapa simu haifi kirahisi. Ulafi gani huo?

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa sababu upande wa pili unatuuma sisi wenyewe. Sehemu kubwa ya kobalti hutoka kwenye migodi ya mashine, lakini maelfu ya vijana wanaingia mashimoni kwa kamba, tochi kichwani, kuta bila nguzo, wakilipwa kwa gunia. Mizani inayompunja mchimbaji haikutoka angani, na mara nyingi anayeishika ni ndugu yetu. Ubinafsi huo ni wa hapa hapa. Na kijana yule ukimwuliza anataka nini, atakuambia pikipiki, ada ya shule ya mdogo wake, na simu nzuri. Dunia ikiacha kununua leo, gunia lake linakosa mnunuzi kesho. Tuliona Februari 2025, bei ilipokuwa imeporomoka hadi serikali ikasimamisha kuuza kobalti nje, na baadaye mwaka huo ikaweka viwango vya mauzo, yaani kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Na ni ukweli pia kwamba tangu 1990, kukua kwa uzalishaji na biashara kumechangia kupunguza umaskini uliokithiri, kutoka watu karibu bilioni 2 hadi takriban milioni 700 kufikia 2024.

Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba ununuzi wenyewe ndio dhambi, na sikubali kwamba soko litajirekebisha. Binadamu wanaweza kubadilika wakilazimishana: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulibana gesi zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, na tabaka hilo linapona. Hapa mjini, mlima mweusi wa mabaki ya tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 umekuwa ukichakatwa upya kutoa kobalti iliyoachwa humo na waliotaka shaba tu. Katanga inajua kuvuna kutoka kwenye taka.

Lakini malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanatoka yamejaa madini, na betri zilizokufa za mafundi wa komini ya Kenya zinaishia jalalani na kuchomwa pamoja na maganda ya ndizi. Viwanda vya kuzirudisha kuwa kobalti vinajengwa Asia na Ulaya. Viwango vya mauzo tumeshaviweka. Sharti la pili liwe kwamba anayenunua kobalti yetu anajenga kiwanda kimoja cha aina hiyo hapa, na mchimbaji anapimiwa gunia lake kwenye mizani iliyokaguliwa, hadharani.