Anayesifia Hisa Mtandaoni Apimwe kwa Alichouza

Mtu anapoandika mtandaoni kwamba hisa za kampuni fulani zitapanda bei, wasomaji wengi huuliza kwanza anataka nini, na jibu halina fumbo: anataka fedha, au sifa, au vyote viwili. Tamaa si jinai. Kinachostahili kuchunguzwa ni nia ya kudanganya, ambayo naamini hudhihirika pale maneno ya mtu yanapowekwa kando ya kumbukumbu za manunuzi na mauzo yake mwenyewe.

Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwekezaji anayedai fidia ya udanganyifu katika hisa lazima athibitishe nia hiyo, kwa kuwa uzembe peke yake hautoshi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani bila kipimo hicho kila aliyekosea katika utabiri wake angeitwa tapeli.

Hebu tumtazame Jonathan Lebed wa New Jersey, ambaye alikuwa na umri wa miaka 15 pale SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilipofikia naye mapatano Septemba 2000. Kwa mujibu wa SEC, alinunua hisa nyingi za kampuni ndogo, akazisifia kwa mamia ya ujumbe chini ya majina mbalimbali, kisha akaziuza bei ilipopanda. Alirudisha dola 285,000, riba ikiwemo, bila kukiri wala kukana tuhuma hizo. Wapo waliomtetea kwa hoja kwamba madalali wakubwa walifanya yale yale. Siikubali hoja hiyo hata kidogo, kwa sababu kosa la mkubwa halimtakasi mdogo; na Henry Blodget, mchambuzi wa hisa wa benki ya uwekezaji ya Merrill Lynch, ambaye katika barua pepe zake alizidharau hisa alizokuwa akizipendekeza hadharani, naye alipigwa marufuku ya maisha katika biashara hiyo mwaka 2003.

John Mackey, aliyekuwa mkuu wa Whole Foods, kampuni ya maduka ya vyakula ya Marekani, ni mtihani mgumu zaidi. Kwa miaka kadhaa aliandika mtandaoni kwa jina bandia la Rahodeb, akiisifu kampuni yake na kuiponda kampuni shindani ya Wild Oats, ambayo Whole Foods ilikuja kuinunua. SEC ilifunga uchunguzi mwaka 2008 bila kumchukulia hatua. Kujificha kule kulikuwa aibu kwa mtu wa cheo chake, lakini aibu na jinai ni mambo mawili.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1933 humlazimu anayelipwa na kampuni ili asifie hisa zake kuyatangaza malipo hayo. Anayesifia hisa alizojinunulia mwenyewe hakuguswa na kifungu hicho, ilhali faida yake huweza kuwa kubwa kuliko malipo yoyote. Naye alazimishwe kutaja ni hisa ngapi anazo, na kutangaza siku ileile anapoziuza.