Ndui iliyopanda ghorofani Birmingham

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya asili alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Ali Maow Maalin. Oktoba 1977 aliwasindikiza wagonjwa kwenye gari, safari ya dakika chache tu, akaupata ugonjwa. Akapona, na dunia ikaanza kuhesabu siku bila ndui.

Hesabu hiyo ikakatikia Birmingham, Uingereza. Agosti 1978 Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha tiba, alianza kuumwa mwili na kutokwa vipele. Chumba chake cha kusafishia picha kilikuwa ghorofa moja juu ya maabara iliyokuwa ikitunza virusi vya ndui. Alifariki Septemba 11. Mama yake aliambukizwa, akapona. Namna virusi vilivyopanda ghorofani haijathibitishwa hadi leo.

Kila mjadala wa maabara zinazotunza au kubadili virusi hatari unapozuka, mimi narudi kwenye jengo lile. Parker hakuwa mtafiti. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kubeba hatari ya kazi ya watu wa ghorofa ya chini. Ugonjwa uliokwisha kung'olewa Somalia, kwa chanjo na kwa miguu ya wahudumu waliokwenda nyumba kwa nyumba, ukaja kuua katika nchi tajiri, ndani ya chuo kinachofundisha madaktari. Wanaotaka majaribio ya kuviongezea virusi makali yabanwe huitwa wapinga sayansi. Wanachokisema ni kwamba hatari ya maabara haiishii mlangoni mwake.

Mwaka 2011 Ron Fouchier wa Rotterdam na Yoshihiro Kawaoka wa Madison, Marekani, kila mmoja na timu yake, walibadili virusi vya mafua ya ndege, H5N1, hadi vikasambaa kwa hewa kati ya feruti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Takriban nusu ya watu waliothibitika kuugua H5N1 wamekufa. Kinachotunusuru ni kwamba virusi hivyo haviambukizi kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu.

Watafiti wana hoja: tukizijua alama za mabadiliko ya hatari, tutaziona mapema kwenye mabanda ya kuku. Na maabara zinaokoa watu kweli. Marburg, homa ya virusi inayoweza kumtoa mtu damu, ilipotangazwa Rwanda mwishoni mwa Septemba 2024, wengi wa wagonjwa wakiwa wahudumu wa afya, chanjo ya majaribio ilianza kutolewa ndani ya siku chache. Waliugua 66, wakafa 15, kwa ugonjwa ambao umewahi kuua zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa. Mtu anayetaka maabara zote zifungwe awatazame wauguzi wale wa Kigali.

Lakini chanjo ile ilitengenezwa kwa kupachika kipande cha Marburg kwenye kirusi cha sokwe kisichoweza kuzaliana mwilini. Hakuna aliyelazimika kuifundisha Marburg kusafiri kwa hewa. Kuzichanganya kazi hizi mbili ndiko kunakowaonea wakosoaji. Tena, Machi 2024 H5N1 ilikutwa kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani, imejaa kwenye viwele. Feruti wa Rotterdam hawakuwa wamemwandaa mfugaji yeyote kwa hilo.

Zuio la pupa nalo lina madhara. Marekani iliposimamisha fedha za majaribio ya kuviongezea virusi makali Oktoba 2014, hata waliotafuta panya wa kujaribia dawa za MERS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha korona, walikwama, ikabidi waombe ruhusa maalumu. Zuio liliondolewa Desemba 2017, amri nyingine ya kuyabana majaribio hayo ikaja Mei 2025. Mtafiti hawezi kupanga kazi ya miaka kumi hivyo.

Ndui inaonyesha kwamba njia ya kudumu ipo. Baada ya Birmingham, maabara moja baada ya nyingine ziliteketeza akiba zao au kuzikabidhi. Leo virusi hivyo vimehifadhiwa rasmi sehemu mbili tu, Atlanta, Marekani, na Koltsovo, Urusi, na kila utafiti juu yake hupitia kamati ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti haukufa. Kwa mafua yaliyotengenezwa yasambae kwa hewa, kamati ya namna hiyo haipo.