Waitalia humbana mwalimu, sisi tunambana mtoto

Huku Italia kuna malalamiko ambayo Mtanzania akiyasikia atacheka kwanza. Wazazi wananung'unika kwamba watoto wao, wakifika mwaka wa mwisho wa sekondari, wanafundishwa somo moja kwa lugha ya kigeni. Moja! Tena sheria haidai saa zote za somo hilo, nusu inatosha. Mimi niliyemezeshwa jiografia, kemia na hata uraia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, nilidhani nataniwa.

Mpango wenyewe wanauita CLIL, yaani mtoto ajifunze somo na lugha kwa mkupuo mmoja. Uliingizwa na mageuzi ya sekondari ya mwaka 2010. Sekondari ya huku ni miaka mitano, kuanzia umri wa miaka 14 hivi. Wanaosoma liceo linguistico, yaani sekondari ya kitaaluma ambako lugha ndiyo mchepuo wenyewe, huanza mwaka wa tatu kwa somo moja, na wa nne linaongezeka la pili kwa lugha nyingine. Liceo nyingine zote husubiri mwaka wa tano, na shule za ufundi vilevile, ila hizo lazima iwe Kiingereza na lazima liwe somo la fani.

Kilichonishika mimi ni sharti la mwalimu. Anayefundisha hivyo anatakiwa awe na kiwango cha C1 katika lugha hiyo, kile cha mtu anayejadili na kuandika bila kuhangaika, na juu yake apitie mafunzo ya chuo kikuu ya namna ya kufundisha somo kwa lugha isiyo ya wanafunzi. Walimu wa hivyo ni wachache, kwa hiyo serikali ililegeza kamba kwa muda na kuwapokea wa B2, ngazi moja chini yake, wanaoendelea kujinoa. Shule nyingine zinatimiza wajibu kwa mada mbili tatu na video, basi. Sisemi mambo yamenyooka. Ila mzigo wa kwanza kautwishwa mtu mzima mwenye mshahara.

Binti yangu yuko liceo hapa Napoli. Nimelipitia daftari lake la fizikia, mada ya sumaku inavyozalisha umeme kwenye koili. Kushoto kuna jedwali la istilahi kwa Kiitaliano na Kiingereza, kulia michoro na sentensi fupi fupi za Kiingereza zilizoachwa mapengo ajaze. Mwalimu huuliza kwa Kiingereza. Mtoto akikwama anamalizia kwa Kiitaliano na hakuna anayemkaripia. Mwalimu naye akikwama hurudi kwenye Kiitaliano, na akikasirika, Kinapoli.

Sasa turudi kwetu, kwenye shule za kata. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili. Usanisinuru anaujua, mfumo wa damu anauchora macho kafumba. Anafika kidato cha kwanza, anapewa kozi ya Kiingereza ya wiki chache, kisha anafunguliwa mlango: masomo karibu yote Kiingereza. Yule aliyekuwa anaongoza kwa kunyoosha mkono anakuwa bubu. Mwalimu wake wala si mkatili. Ananakilisha notisi ubaoni kwa Kiingereza, halafu anasogea katikati ya madawati na kueleza yote upya kwa Kiswahili, akichungulia dirishani mkuu wa shule asije akapita. Watoto wenye bahati mbaya zaidi huvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili.

Tazama basi: mwalimu wa Napoli na mwalimu wa Kahama wanafanya kitu kilekile, kuchanganya lugha mbili ili mtoto aelewe. Huku ni mbinu inayofundishwa chuoni. Kwetu ni magendo.

Na si kwamba hatukuambiwa. Tume ya Makweta, ile ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985; pendekezo likawekwa kabatini. Sera ya Elimu ya 2014 nayo ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote. Wakati sisi tunasubiri, wakubwa wakawapeleka wanao Ingilishi midiamu, wakatuachia Kayumba, hizi shule za serikali.

Najua jibu litakalokuja: Kiingereza ni ajira. Sibishi, na mimi nakitaka. Ninachosema ni mpangilio. Mtaliano hapewi fizikia kwa Kiingereza mpaka awe ameishika kwa Kiitaliano, na hapo lugha ngeni inakuwa nyongeza. Kwetu ni kizingiti: ukikivuka wewe ni msomi, ukikwama unaambiwa huna akili.

Lakini msinichukulie kama nimekuja kuisifia Italia. Kijana wa Sri Lanka au wa Gambia akifika Napoli ana miaka 15, anaingizwa darasani na kusomeshwa historia na hesabu kwa Kiitaliano tangu siku ya kwanza. Akibahatika atapata saa chache za kufundishwa lugha pembeni. Jedwali la istilahi hapewi, mwalimu aliyesomea kumfundisha mtu kama yeye mara nyingi hana. Huyo ndiye mtoto wetu wa kidato cha kwanza, kavuka bahari tu. Kelele zote za CLIL zinawahusu watoto wa wenyeji.

Kwa Tanzania sidai mapinduzi. Nadai karatasi ya mtihani wa kidato cha pili na cha nne iwe na maswali kwa lugha zote mbili, na mtahiniwa ajibu kwa ile anayoiweza. Istilahi zipo, TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Uzoefu upo pia: mtihani wa darasa la saba Baraza la Mitihani, NECTA, huutunga kwa Kiswahili kwa watoto wa Kayumba na kwa Kiingereza kwa wale wa Ingilishi midiamu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kusema haiwezekani.